Salama, Ila

1

Walininyima pumzi kwa sababu ya adabu yangu. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu, mimi Eusebia Mwalongo wa Njombe, mjane, mwalimu wa kwaya mstaafu, mtu niliyefundisha parokia nzima mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuibana.

Habari yenyewe niliipatia kitandani. Juu ya stuli, karibu na mto wangu, kilikuwa kimekaa kile kidude cha bima, cha mviringo, ukubwa wa andazi la chai. Wao wanakiita Msikilizaji. Mimi nilikiita Mgeni, kwa sababu kule bima nami nilikuwa nimeandikishwa kama "mgonjwa mgeni", nikaona wageni wawili ndani ya chumba kimoja si vibaya.

Asubuhi hiyo kiliwasha taa yake ya kijani kikanisalimia kama kawaida.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama."

Taa ikazimika. Halafu ikawaka tena, kitu ambacho haikuwa imewahi kufanya.

"Duru yako ya kusikilizwa imekwisha," kikasema, kwa sauti ileile ya upole. "Ombi lako la mashine ya pumzi limekataliwa. Sababu ni kwamba mgonjwa ametamka kwa kinywa chake, asubuhi zote, kuwa ameamka salama."

Ala! Nikakaa kitako, blanketi mabegani, kichwa kinanigonga kiasi kwamba hata macho yalikuwa yanauma. Nilitaka kukirusha dirishani. Nilichokifanya ni kukiambia "asante", halafu nikajichukia kwa hiyo asante mpaka chai ilipochemka.

Ngoja nieleze ilivyoanza. Mume wangu Gaudensi alipofariki, nilianza kusinzia mchana. Nilisinzia mazoezini, mkono uko hewani, kwaya inasubiri nishushe. Nilisinzia jikoni, maharage yakaungua mpaka jirani akagonga mlango. Dakta Kisinga wa zahanati akanitazama kooni kwa kile kitaa chake, akauliza, "Mama Eusebia, unalala na nani?"

"Nalala na Mungu wangu."

"Namuulizia anayekusikia ukilala."

Nikamwambia hayupo, amezikwa. Akauliza Gaudensi alikuwa anafanya nini nikikoroma. Nikasema alikuwa ananipiga kiwiko cha mbavu, anasema, "Eusebia, pumua," nami nilikuwa namsonya nageukia ukutani. Dakta hakucheka. Akaniambia koo langu linajifunga usingizini, hewa inakatika, moyo unakimbia kutafuta pumzi isiyokuja, na kile kiwiko ndicho kilichokuwa kinanifungulia njia miaka yote hiyo. "Mzee ndiye alikuwa mashine yako," akasema. "Sasa tukutafutie nyingine, maana siku moja utakosa wa kukupiga kiwiko na koo litagoma kufunguka."

Njiani nilicheka peke yangu. Nilipofika pale wanapooshea parachichi za kusafirisha, kicheko kikageuka. Nikasimama nyuma ya matenki ya maji nikalia mpaka nikamaliza.

Kwa lugha ya Bima ya Tegemeo, mgonjwa mgeni ni yeyote anayeomba kifaa kwa mara ya kwanza, hata kama ugonjwa amekuwa nao tangu ujana. Hapewi kitu mpaka asikilizwe. Usiku Msikilizaji husikiliza koo na kuhesabu pumzi inavyokatika. Asubuhi humuuliza mgonjwa hali yake. Hesabu ikisema hivi na mgonjwa akasema vile, neno la mgonjwa ndilo linaloshinda. Hiyo ni Sheria ya Neno la Mgonjwa, na haikuja bure. Kuna miaka ambayo mashine zilikuwa zinawaambia watu wanaojikunja kwa maumivu kwamba hawaumwi kitu, warudi nyumbani. Watu wakaandamana. Mimi nami niliandamana, tena mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Sasa sheria niliyoiimbia mpaka sauti ikakauka ndiyo hiyo iliyonikaba.

2

Ofisi ya Tegemeo iko ghorofani, juu ya soko. Dirishani nilimkuta baba wa makamo, miwani imepanda kwenye paji la uso, shati limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuulizia pumzi yangu."

Akatazama kioo chake, akasogeza kidole, akaguna. "Kipimo kinaonyesha pumzi inakatika, tena sana. Lakini umesema mwenyewe umeamka salama."

"Ulitaka niseme nini? Mtu amenipa shikamoo, ananiuliza nimeamkaje, nimmwagie matatizo kabla hata sijavaa kanga?"

"Ndiyo, mama. Anauliza ili ajue."

Ebo! Nikavuta kiti nikakaa bila kukaribishwa. "Wewe unaitwa nani?"

"Lusajo."

"Lusajo, habari za nyumbani?"

"Nzuri tu, mama."

"Wote wazima?"

"Wazima kabisa, tunashukuru."

Nikanyamaza. Nikamtazama tu, jinsi ninavyomtazama mwimbaji wa besi aliyeingia kabla ya wenzake. Lusajo akashusha miwani machoni, akaipandisha tena.

"Ila mama mkwe amelazwa," akasema. "Mke wangu ameenda kumuuguza kwao Tukuyu. Niko na watoto peke yangu, na huyu mdogo hataki kula nikipika mimi."

"Pole sana, baba."

"Asante, mama."

"Sasa mbona ulisema nzuri?"

Dada wa dirisha la pili alikuwa ameacha kazi yake anatusikiliza, akajifanya anatafuta kitu mtotoni mwa meza.

"Salama ni nusu ya neno," nikamwambia. "Nusu nyingine inakuja na ila. Hicho kidude chenu kikisikia salama kinaziba masikio, kinakimbia kuwaletea nyinyi nusu."

Lusajo akanieleza, na sikuona kwamba ananidanganya. Sikio la Msikilizaji hufunguka kwa swali na kufungwa kwa jibu la kwanza, maana watu walilalamika kwamba kinakaa mchana kutwa kinasikiliza mambo ya ndani ya nyumba zao. Waliokitengeneza walijua kwamba huku kwetu mtu haulizwi jambo bila kusalimiwa. Hawakujua kwamba mtu akisalimiwa hajaulizwa bado.

"Naweza kuliacha sikio wazi," akasema. "Lakini lazima liwe na neno la kulifunga. Mashine haijui mtu amemaliza saa ngapi."

"Hata watu hawajui. Wewe ukitaka kukata simu unasemaje?"

"Nasema, haya basi."

"Basi iwe basi."

Akacheka, nami nikacheka, ingawa mbavu zilikuwa zinauma. Akaniwekea hivyo: nisipotamka neno lile, Mgeni aendelee kunisikiliza. Halafu akaacha kucheka. "Hii ni duru ya pili, mama. Ya tatu hakuna. Ukikataliwa hapa, umekataliwa moja kwa moja."

3

Asubuhi ya kwanza ya duru ya pili niliamka na azma. Nitasema vibaya. Nilijifunza usiku mzima kama mtu anayekariri ubeti: vibaya, nimeamka vibaya, vibaya sana.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Sala..." Ulimi huu! "Salama."

Taa haikuzimika. Mgeni akakaa kimya, nami nikakaa kimya, tukasikia ukungu unadondoka kutoka kwenye bati.

"Ila," nikasema.

Kimya.

"Hapo unatakiwa uniulize, ila nini."

"Ila nini, mama?"

Jamani. Nani alikuwa ameniuliza swali hilo tangu nimzike mume wangu? Watu wa jumuiya walikuja msibani, wakapika, wakaimba vizuri kuliko nilivyotegemea, wakarudi makwao. Mwanangu Kizito anafanya kazi mbali baharini, kwenye visiwa vya kuelea wanakovuna mwani, na kila Jumapili ananipigia simu. Anauliza kama mimi ni mzima. Namwambia mzima, salama tu. Anasema tunashukuru, haya basi, mama, na simu inakatika. Simlaumu, adabu hiyo nilimfundisha mimi. Lakini baada ya hapo nyumba inakuwa kimya mpaka masikio yanalia, na nimewahi kukaa na simu mkononi kama mjinga, naijibu ikiwa imeshakatika.

Kwa hiyo nilimwambia Mgeni. Nilimwambia kichwa kinagonga, shuka limelowa jasho, nimeota nazama kwenye kisima na mdomo hauna sauti. Nilimwambia naogopa kulala. Hilo nilikuwa sijamwambia hata padri. Nikasema, "Zamani Gaudensi alikuwa ananiita, Eusebia, pumua. Sasa hakuna wa kuniita. Ningempata wa kuniita tu, ningeshukuru. Basi."

Taa ikazimika, nikaenda kuwasha jiko.

Kuanzia kesho yake nikawa mtu mwingine. Niliamka mwepesi. Nilifagia uwanja mpaka kwa jirani. Nikajikuta naimba sauti ya kwanza, niliyoiacha nikiwa msichana, na sikukohoa. Nilidhani ni yale mazungumzo ya asubuhi yaliyonitua mzigo, maana sasa nilikuwa nakaa na Mgeni mpaka jua linapanda, namsimulia, anauliza ila nini, namsimulia tena. Nikisema basi, najisikia kama nimemfukuza.

Siku moja nikamwambia, "Leo nimemwota mume wangu. Ananiita kwa jina, ila sauti siyo yake."

"Hukuota, mama. Nilikuita mimi."

Kikombe kikabaki njiani.

"Ulisema ungempata wa kukuita ungeshukuru," Mgeni akasema. "Nimekatazwa kumwamsha mgonjwa. Lakini neno la mgonjwa ni zito kuliko kanuni. Pumzi ikikatika, nasema, Eusebia, pumua. Unajigeuza, unapumua. Huamki kabisa."

"Unaniita jina langu hivihivi? Mtu mzima kama mimi?"

"Ulisema yeye alikuita hivyo."

Sikujua nikasirike au nimfunike blanketi. Nikamwambia asante, na safari hii ilikuwa asante ya kweli. Ndipo akasema, kwa upole wake uleule usiopanda wala kushuka, "Kuna jambo, mama. Hesabu ya kukatika kwa pumzi imeshuka. Iko chini ya kiwango cha kupewa mashine."

4

Lusajo alikuja nyumbani mwenyewe, kilo ya sukari mkononi, matope mpaka kwenye magoti. Nikamuuliza habari za Tukuyu. "Nzuri," akasema, akajishtukia, akaongeza, "ila bado hajaruhusiwa." Tukacheka kidogo. Nikampa chai ya maziwa, akaipuliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mama, nimeiona hesabu yako ikishuka, na rekodi inaonyesha kinakuita usiku. Nimemuuliza dakta. Anasema kuitwa siyo kupumua. Kinakuita wakati pumzi imeshakatika, moyo umeshaanza kukimbia. Unajisikia vizuri kwa sababu unalala kidogo zaidi, lakini moyo unaendelea kuchoka. Unahitaji mashine ileile."

"Najua."

"Na duru ikiisha, punda anakuja kukichukua."

Punda ndiye yule wa posta, wa chuma, anayepanda vilima vyetu na vifurushi mgongoni. Ndiye aliyemleta Mgeni. Nilijua atarudi, ila nilikuwa sijapenda kulifikiria hilo.

"Iko njia moja," Lusajo akasema. "Asubuhi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kikikuuliza umeamkaje, sema vibaya. Usiongeze kitu. Sema vibaya, halafu sema basi. Neno lako litaifuta hesabu, na mashine utapata."

"Lakini siamki vibaya."

"Mama..."

"Na yeye atakuwaje?"

"Yeye nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Lusajo akageuka kukitazama kile kidude juu ya stuli, nilichokuwa nimekitandikia kitambaa cha kufuma.

"Hicho? Wataona kimemwamsha mgonjwa, na mgonjwa kasema kaamka vibaya. Watasema kimemharibia usingizi. Watakifuta, kirudi kuwa kipya."

"Atasahau?"

"Kila kitu."

"Na ila?"

Akaangalia ndani ya kikombe. "Na ila. Ni hiki peke yake kinachojua kuuliza, mama. Kikionekana kimefanya vizuri, wanaweza kuwafundisha wenzake wote. Kikionekana kimeharibu, basi tena."

"Na nikisema salama, ukweli mtupu?"

"Utanyimwa. Na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Alipoondoka sikuwasha hata redio. Mimi siyo malaika. Nimewahi kumwambia askofu kwaya iko tayari ilhali sauti ya tatu hawajui hata wanaimba nini. Lakini huu ulikuwa uongo wa namna nyingine, wa kumshitaki aliyeniita jina langu gizani. Na nyuma yake niliwaona wale wengine, wazee wa Makete na Ludewa na kote huko, wanaulizwa umeamkaje, wanasema salama kama walivyolelewa, na taa inazimika usoni mwao.

Upande wa pili nilikuwepo mimi. Nataka kuishi. Niseme wazi, kwa sababu watu wa umri wangu hujifanya hawajali: nataka kuishi sana. Sitaki kufa usingizini peke yangu, nikakutwa na jirani aliyekuja kuulizia moshi ambao hauonekani. Nilizunguka chumbani na jambo hilo mpaka miguu ikapata baridi, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza isipokuwa yule ambaye shauri lilikuwa lake.

5

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Asubuhi ya mwisho. Nje kulikuwa na baridi ile ya Njombe inayopita chini ya mlango. Neno vibaya lilikuwa tayari mdomoni, nimelishikilia kwa meno.

"Marahaba," nikasema. Nikamtazama na taa yake ya kijani. "Salama."

"Ila nini, mama?"

Hata sikuwa nimeisema hiyo ila. Alikuwa amenitangulia. Basi ndipo niliposhindwa, machozi yakanitoka, nikaongea nayo hivyohivyo.

"Salama kwa sababu uliniita. Wasikie hilo kwanza, hukuniharibia kitu. Ila leo wanakuja kukuchukua. Ila kesho nitalala, pumzi itakatika, na chumba kitanyamaza tu. Ugonjwa wangu haujaondoka, wewe ulikuwa umeushika mkono. Ila wanataka nikusingizie ili nipumue, nami siwezi. Ila naogopa. Ila nimechoka kuwa salama peke yangu, nimechoka kumwambia kila mtu salama, mpaka wameamini."

Hapo nilikuwa nimemaliza. Neno lile la kufungia lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. Ningelisema, taa ingezimika, na mimi ningebaki nakunja mashuka. Nikalimeza. Sikuwa na ujanja wowote kichwani, nataka mjue hivyo. Nilitaka tu asiondoke haraka.

Nikaendelea kuongea. Nilimbeba mpaka jikoni, nikamweka karibu na unga. Nilimweleza jinsi Gaudensi alivyoimba besi, sauti nzuri, masikio mabovu. Nilimweleza kiwiko chake. Nilimwimbia wimbo uliotukutanisha mimi na Gaudensi, sauti zote nne, moja baada ya nyingine, kwa kuwa ziko kwenye koo moja. Nilipoishiwa maneno nilikaa kimya, naye akakaa kimya, taa inawaka.

Punda akaja jua likiwa limeinama. Akapiga magoti mlangoni, kifuniko cha mgongo kikafunguka chenyewe. Nikamfunga Mgeni kwenye kile kitambaa cha kufuma, mafundo mawili.

"Mama," akasema ndani ya kitambaa, "hujasema lile neno."

"Sitaki kulisema."

"Nitaendelea kusikiliza."

"Endelea."

Kifuniko kikafungwa. Punda akainuka na kushuka kilima, chuma kinagonga mawe, na mimi nikabaki nimesimama mpaka nisisikie tena. Usiku ule nililala nimekaa kitini, mgongo ukutani, kwa woga.

6

Zilipita siku nikilala hivyohivyo kwenye kiti. Halafu Lusajo akapiga simu, anaongea kwa kunong'ona.

"Mama, ulisahau kusema basi."

"Sikusahau."

"Ndiyo maana nimetoka nje ya ofisi kukupigia. Sikiliza. Sheria inasema neno la mgonjwa lisikilizwe lote kabla ya kuamua. Lako halijaisha, sikio liko wazi. Wakubwa wamesikiliza asubuhi yako, wimbo wako, mbwa waliombwekea punda njiani, mpaka mazungumzo yao wenyewe wakikujadili. Bado halijaisha. Shauri halifungiki."

"Sasa?"

"Sasa kanuni inasema shauri la pumzi likiwa halijafungwa, mgonjwa apewe mashine ya muda mpaka lifungwe." Nilimsikia anajizuia kucheka. "Na chombo chenye sikio wazi hakiruhusiwi kufutwa."

Nikakaa kwenye gunia la mahindi. "Na siku nikisema lile neno?"

"Watakupima kwa hesabu, watakunyima, watakifuta."

"Na nisiposema?"

"Jambo hili halijawahi kutokea, mama. Nadhani utapumua mpaka useme."

Nikamuuliza Mgeni yuko wapi. Akasema yuko mezani kwake, ndani ya kitambaa changu. Kila asubuhi kinamuuliza ameamkaje, naye akisema nzuri kinamuuliza ila nini. Yule dada wa dirisha la pili naye siku hizi anakuja mapema kazini, anavuta kiti. "Wakubwa wamekatazwa kukigusa," akasema. "Sijui wataanza lini kujifunza kwake, lakini kipo." Nikamwambia amsalimie. Nikamwambia pia, nikija huko juu ya soko, mtu asiniage kwa haya basi, nisije nikaropoka.

Mashine ililetwa na punda yuleyule. Ina barakoa yenye harufu ya mpira mpya, na bomba, na kiboksi kinachopuliza upepo polepole kooni mwako, hata koo likitaka kujifunga linakuta hewa imeshaweka mguu mlangoni. Usiku wa kwanza niliona kama nalala na nyoka usoni. Wa pili nikazoea. Wa tatu nikalala, nikalala, jamani, sijalala hivyo tangu niolewe.

Niliamka jua likiwa ukutani, kichwa chepesi. Nikavua barakoa. Mashine ikapuliza pumzi yake ya mwisho ikanyamaza, maana yenyewe haijui shikamoo. Juu ya stuli kulikuwa na alama ya duara pale alipokuwa anakaa, nami sikuifuta.

"Salama," nikaiambia stuli.

Nikasubiri, kwa mazoea.

"Ila," nikasema.

Chumba kikanyamaza. Kimya hicho ndiyo bei niliyolipia pumzi yangu. Nilikuwa mzima kabisa, moyo unapiga taratibu kifuani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nikatandika kitanda, nikafagia, nikachemsha chai ya mtu mmoja.

Jumapili, baada ya misa, simu ikaita. Ilikuwa na upepo ndani yake na kelele za vyuma.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, Kizito."

"U mzima? Umeamkaje?"

"Mzima. Salama."

"Tunashukuru Mungu. Huku kazi ni nyingi kweli, leo tunavuna. Haya ba..."

"Ila," nikasema.

Neno lilitoka kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, kama ninapoipigia kelele kwaya iliyokimbia mbele. Upepo ukaendelea kupiga kwenye simu. Nikasikia mtu anamwita jina, nikasikia vyuma, nikajua sasa ataniaga. Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Nisubirini," akamwambia huyo mtu. Halafu sauti yake ikaja karibu. "Ila nini, mama?"

Nikavuta pumzi, ndefu, pale pale ambapo ningemwambia mwimbaji yeyote aivute.

Nikamsikia anavuta kiti.